The Sopranos: utani unaua uhalisia, au ndio unaoubeba?

Mdau_Kirumba

Mwangaluka wakuu.

Nataka tulichambue jambo hili kwa kina, hasa wale mlioimaliza The Sopranos yote, ile tamthilia ya Kimarekani ya Tony Soprano, mkubwa wa genge la mafia New Jersey, misimu 6 na sehemu 86, iliyorushwa HBO kuanzia Januari 1999 hadi Juni 2007. Kila ikitajwa vijiweni hapa Mwanza ubishi ni uleule. Kuna wanaosema imejaa utani kupita kiasi kwa hadithi ya watu wanaouana: majambazi wazima wanapotea porini na kulamba vipakti vya tomato sosi, wakubwa wa genge wanakoroga misemo, FBI wanatega kinasa sauti kwa kazi ya wiki nzima halafu binti wa nyumbani anakibeba bila kujua. Kwao hivyo ni vichekesho vilivyovalishwa bastola. Wengine wanasema genge la kweli linachekesha kuliko hata hilo.

Sehemu inayobishaniwa zaidi ni ile ya msituni, msimu wa 3 sehemu ya 11, ya Mei 2001. Kwa waliosahau: Paulie na Christopher, watu wa Tony, wanakwenda kuchukua pesa kwa Mrusi mmoja aitwaye Valery. Paulie anaivunja rimoti yake kwa ujeuri tu, ugomvi unazuka, wanadhani wamemuua, wanamviringisha kwenye zulia na kwenda kumzika Pine Barrens, misitu ya kusini mwa New Jersey. Kufungua buti, mtu yu hai. Anawatoroka kwenye theluji, wanampiga risasi, hawamwoni tena, na gari lao nalo hawalioni. Usiku wanatetemekea ndani ya gari bovu lililotelekezwa.

Je, tukio kama hilo linaaminika? Na utani ule umejengwaje hata hofu isipotee? Nauliza pia kwa ajili ya kazi: kuna andiko la mchezo wa runinga linasukwa hapa mjini, sehemu 8, kuhusu genge la mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara. Waandishi wanavutana. Mmoja anataka awekwe mchekeshaji "apunguze ukali", mwingine anataka utani ufutwe wote. Wenye ujuzi shusheni nondo.

Mkalimani_wa_Nyegezi

Mkuu, huyo anayetaka mchekeshaji mwambieni aache kabisa. The Sopranos haina mchekeshaji. Wahusika wanataniana, ndiyo, lakini pale mtazamaji anapocheka hadi machozi, mhusika mwenyewe hacheki, ana shida kubwa na anaitatua kwa akili yake yote. Akili yenyewe ndiyo haitoshi.

Chukua simu ya msituni. Tony amepata taarifa kuhusu Valery na anampigia Paulie kumwonya: huyo mtu ni komando, alikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani ya Urusi, ameua Wachecheni 16, watu wa Chechnya, jimbo la Urusi. Mawasiliano yanakatikakatika. Paulie anamgeukia Christopher na kumpa habari kwamba Mrusi ameua Wachekoslovakia 16, na kazi yake ni fundi wa kupamba nyumba. Christopher anashangaa, kwa sababu nyumba ya Mrusi waliyotoka muda si mrefu ilikuwa ovyo.

Angalieni tabaka zilizopo pale. Ya kwanza ni hitilafu ya mtandao, jambo la kila siku. Ya pili ni ujinga wa Paulie: hajui Chechnya, kwa hiyo sikio lake linachukua neno la karibu analolijua. Ya tatu ndiyo tamu kuliko zote: Christopher hashangai kwamba fundi wa mapambo ameua watu 16. Anashangaa mapambo. Anaichukua taarifa mbovu na kuipima kwa ushahidi alionao, kama mpelelezi. Na chini ya yote hayo onyo la Tony limepotea. Kitu pekee ambacho kingewafanya wamwogope yule mtu hakikufika. Utani umebeba hatari mgongoni, ndiyo maana hofu haipotei. Inaongezeka, kwa kuwa mtazamaji sasa anajua wasichokijua wao.

Kwa bahati njema, utani huu unaingia vizuri kwenye Kiswahili kuliko ninavyojua kwa lugha nyingi. "Mambo ya Ndani" na "mapambo ya ndani" zimepishana silabi moja tu. Mwenye kuandika sabtaito hana haja ya kubuni chochote. Kanuni ya kazi ni mistari 2, herufi zisizozidi 42 kwa mstari, na isikae kwenye kioo zaidi ya sekunde 7. "Alikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani" ni herufi 32 pamoja na nafasi, inakaa vizuri. Kisha Paulie: "Ni fundi wa mapambo ya ndani." Kosa linalofanyika ni kuandika "mbunifu wa ndani wa majengo" ili iwe sahihi kitaalamu. Hapo umeua mlio, na utani ulikuwa kwenye mlio.

Misemo iliyokorogwa nayo ina masharti yake. Tony anataka kusema kisasi ni chakula kinacholiwa kikiwa kimepoa, anatoka na nyama baridi za kukatwa vipande za dukani. Little Carmine, mtoto wa mkubwa wa genge la New York, anataka kusema wamekwama, anaunganisha maneno mawili ya Kiingereza, la mkwamo na la kinamasi, na kutoa neno ambalo halipo. Kwa Kiswahili ningemwandikia "tumeingia kwenye kinamkwamo", na asitue hata nukta moja baada ya kulitamka. Methali zetu zinakubali kazi hii bila shida: "haraka haraka haina barakoa", "simba mwenda pole ndiye mla nyanya". Masharti ni kwamba neno la kosa lifanane mlio na lile la asili, msemaji awe na uhakika, na wenzake wasimsahihishe, ama kwa sababu hawajui au kwa sababu ni mkubwa wao na wanaogopa. Sharti hilo la mwisho linakuonyesha madaraka bila hotuba. Na isizidi moja kwa tukio. Ukiweka mbili, mtazamaji anaanza kuiona kalamu ya mwandishi.

Nadhani huu ubishi wa vijiweni umechangiwa pia na vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video. Pale mtafsiri wa mdomo akifika kwenye kosa kama la Paulie, ama analiruka kwa sababu Wachecheni hawamhusu mteja wake, ama analieleza: "Jamani huyu amesikia vibaya!" Akishaeleza, Paulie anageuka mpuuzi wa kuchekesha watu, na tukio zima linaonekana la kizembe. Mtafsiri mzuri angesema kosa kwa sauti ileile nzito aliyotumia kwa onyo, halafu anyamaze.

Kalamu_ya_Igoma

Nakubali kuhusu simu, lakini tusipitishe kila kitu kwa jina la utani. Sehemu ile ina mashimo. Mtu aliyenyongwa hadi akadhaniwa maiti, akakaa buti la gari kwenye baridi, anatoka na kuwashinda wawili wenye bastola, anaonekana kupigwa risasi ya kichwa, bado anakimbia, na damu inaishia njiani. Komando au si komando, hilo limevutwa. Tena Valery haonekani tena hadi mwisho wa tamthilia, wakati ana rafiki wa karibu, Slava, anayefanya biashara ya pesa na Tony. Rafiki huyo asiulize?

Na misitu yenyewe siyo. Uongozi wa kaunti moja ya New Jersey ulikataa wasipigie picha kwenye hifadhi yake, wakaenda Harriman State Park, jimbo la New York. Pine Barrens ya kweli ni tambarare, mchanga mtupu na misonobari. Ile unayoiona ni vilima, mawe na miti iliyopukutika majani. Anayeijua New Jersey anaona mara moja.

Wakili_wa_Vijiweni

Kaka Kalamu, la miti na la risasi nakupa. La Slava nakupa kwa uzito zaidi, kwa sababu hilo ni la fedha, na fedha ina kumbukumbu kuliko urafiki.

Ila kwenye suala la uhalisia wengi wanakosea wanapotafuta. Wanatilia shaka matukio ya kuchekesha na kuyaamini yale mazito, wakati rekodi za mahakama za Marekani zinaonyesha kinyume.

Vincent Gigante alikuwa mkubwa wa familia ya Genovese, genge la mafia la New York. Kwa miaka mingi alitembea mitaa ya Greenwich Village amevaa joho la kulalia, akijisemea mwenyewe, ili aonekane hana akili timamu na asishtakiwe. Alihukumiwa mwaka 1997, na mwaka 2003 ndipo akakiri mahakamani kwamba alikuwa anaigiza. Weka hilo kwenye andiko la tamthilia, mhariri atalikata. Atasema hakuna bosi wa mafia anayeweza kutembea na kanzu ya kulalia barabarani na bado akaogopwa. Mjomba Junior wa The Sopranos anayetumia ugonjwa wa akili kukwepa kesi ni toleo lililopunguzwa.

Anthony Corallo, mkubwa wa familia ya Lucchese, naye. Alikuwa mwangalifu wa simu, hazungumzi kazi nyumbani wala klabuni. Anazungumza ndani ya gari, Jaguar ya msaidizi wake Salvatore Avellino. Mwaka 1983 wapelelezi wakatega kinasa sauti humo humo. Kanda zile zilitumika kwenye kesi kubwa ya New York ya 1986 iliyowaangusha wakuu wa familia kadhaa, na wengi wao wakapewa miaka 100 kila mmoja. Tahadhari yake ndiyo iliyowaonyesha wapelelezi pa kutega.

Halafu kuna lile ambalo kila mpenzi wa tamthilia hii anapaswa kulijua. New Jersey ina familia ya kweli, DeCavalcante. Mwaka 1999, wiki chache baada ya tamthilia kuanza, FBI waliwanasa wanachama wake wakiijadili, wakiulizana kama waliochorwa mle ndani ni wao. Yaani ushahidi wa serikali una mazungumzo ya majambazi wakifanya hiki tunachofanya sisi hapa.

Sasa ile taa ya FBI yenye kinasa sauti. Mwanzo wa msimu wa 3 wanatengeneza nakala ya taa iliyoko chumba cha chini nyumbani kwa Tony, wanaingia familia ikiwa imetoka, wanabadilisha. Baadaye Meadow, binti wa Tony, anaihitaji taa kwenye bweni lake chuoni Columbia, anaondoka nayo. Watu wanasema utani huo ni wa kuvuta. Si wa kuvuta. Sheria ya 1968 ya vinasa sauti inataka amri ya jaji, amri haizidi siku 30 bila kuongezwa, na wasikilizaji wanalazimika kuzima pale mazungumzo yasipohusu uhalifu, kisha kuwasha tena mara kwa mara kuangalia. Ndiyo maana kuna mawakala wenye vipokea sauti masikioni wanaosikia nusu ya mambo ya chakula na ya watoto, kisha wanazima. Mwandishi hakuongeza kitu. Ameionyesha sheria ikifanya kazi ndani ya nyumba yenye watoto wanaohamisha vyombo.

Mkitaka lisiloaminika, ni Tony mwenyewe kuwapo kila mahali. Kumnyonga yule msaliti kule Maine, msimu wa 1 sehemu ya 5, kunapita kidogo, kwa sababu wakati ule ni kapteni tu na yuko peke yake mbali na watu wake. Lakini akishakuwa mkubwa, bado anapiga watu kwa mikono yake, bado anaua, bado anaingia porini usiku na Bobby kuwatafuta vijana. Kazi yote ya ngazi za genge, kutoka mkubwa, msaidizi, makapteni hadi askari wa genge, ni kumweka mkubwa mbali na kitendo. Sheria ya RICO ya 1970 ndiyo ilivunja umbali huo: serikali ikithibitisha genge na angalau makosa mawili ndani ya miaka 10, mkubwa anashtakiwa kwa mfumo mzima hata kama hakushika kisu. John Gotti, mkubwa wa familia ya Gambino ya New York, alianguka kwa kosa la ukaribu. Alitaka makapteni waje klabu yake ya Ravenite, FBI wakawapiga picha wakiingia na kutoka, kisha wakanasa sauti kwenye chumba cha ghorofani alikodhani pana usalama. Alipatikana na hatia Aprili 1992.

Kwa hiyo kwenye tamthilia hii matukio ya ushujaa ndiyo yenye chumvi. Yale ya aibu yamepimwa.

Mhasibu_Buzuruga

Wakili umemaliza upande wa sheria. Mimi nigusie hela, maana hapo ndipo tamthilia hii inapowazidi wengi, na ndipo utani wake mwingi umetoka.

Msimu wa 2, yule Davey mwenye duka la vifaa vya michezo. Anaingia kwenye kamari ya Tony akiwa tayari anadaiwa kwingine, anatoka na deni la "maboksi 45 ya tambi". Boksi moja ni dola 1,000, ndiyo lugha yao. Deni la namna hii ni kausha damu tupu: unalipa pointi kila wiki, na pointi ni asilimia ya mtaji wote. Chukua mfano wa 10,000 kwa pointi 2. Kila wiki unapeleka 200, mwaka unapeleka 10,400, na ile 10,000 iko palepale haijaguswa. Marejesho hayapunguzi deni. Yananunua wiki moja.

Davey akishindwa, hawamvunji miguu. Wanaingia dukani. Kwa Kiswahili cha biashara naweza kusema wanalitumia jina lake kuchukua mali kauli hadi jina liishe. Duka lina sifa nzuri kwa wauzaji wa jumla kwa sababu limelipa kwa miaka. Genge linaagiza vitu kwa mkopo wa siku 30 au 60, vitu vyepesi kuuza: maji ya chupa, makasha ya kuwekea barafu, tiketi za ndege. Mzigo ukiingia kwa mlango wa mbele unatokea wa nyuma kwa nusu bei, pesa taslimu. Ankara hazilipwi hata moja. Wauzaji wakianza kupiga simu, bado kuna wiki chache za kuwapoza. Kisha duka linafilisika kwa jina la Davey, anayedaiwa na dunia nzima ni yeye, na genge halina karatasi hata moja.

Tazameni utani ulivyokaa humo. Duka la vifaa vya michezo linaagiza maji ya chupa kwa shehena. Hakuna anayesema ni kichekesho. Ni hatua ya kawaida ya wizi, kwa kuwa maji yanauzika haraka kuliko viatu vyenye namba. Anayeijua biashara anacheka kwa sababu anaiona hesabu, asiyeijua anacheka kwa sababu ya maboksi. Wote wawili wamepata haki yao.

Msimu wa 4 kuna vibarua vya ujenzi. Wana aina mbili. Ya kwanza ni ile ambayo jina lako liko kwenye orodha ya malipo na wewe hufiki kabisa. Hiyo sisi tuna neno lake tayari, mtumishi hewa. Ya pili lazima ufike kwenye eneo la kazi, lakini hufanyi kitu, unakaa kwenye kiti cha kukunja. Na wanagombania! Wenye kufika na kukaa wanaona wameonewa na wasiofika. Mwandishi asiyejua mfumo angeandika "wanaiba pesa za mradi" na kupita. Anayeujua amepata matukio ya msimu mzima kwa kutofautisha hewa wa orodhani na hewa wa kitini.

Takataka nazo vivyo hivyo. Watu wanadhani Tony kuwa "mshauri wa taka" ni utani wa mwandishi. Avellino, huyo mwenye Jaguar aliyetajwa hapo juu, alisimamia mpango wa taka Long Island. Mfumo wenyewe: kila duka au hoteli ni "kituo", na kituo ni mali ya mzoaji mmoja. Akija mwingine na bei nafuu, anaambiwa aondoke au afidie. Mwenye hoteli hana pa kwenda, maana taka za jikoni hazisubiri siku 3. Jiji la New York lilianzisha tume maalumu ya kudhibiti biashara hiyo mwaka 1996.

Kwa andiko lenu la mabondo, ushauri wangu ni mmoja: kabla ya kuandika utani, andikeni ukurasa mmoja wa hesabu. Nani anatoa mtaji, nani anadaiwa, mzigo unakaa wapi usiku, nani anapunjwa kwenye mizani. Utani utajitokeza wenyewe kwenye mizani.

Binti_wa_Ukara

Mhasibu asante, kwenye mizani umenipa mlango.

Waandishi wa huo mchezo, mabondo yana tabia moja itakayowaharibia kila kitu msipoijua. Bondo ni kibofu cha hewa cha sangara. Likitoka kwenye samaki lina maji na utando, linatakiwa kusafishwa, kuparuliwa, kisha kukaushwa. Linapokauka uzito unashuka sana. Kwa hiyo "kilo 20 za mabondo" si taarifa kamili. Mabichi au makavu? Bei nayo haipandi sawasawa kwa kilo: bondo moja kubwa lina thamani kuliko madogo mengi ya uzito uleule. Begi la madogo na begi la makubwa hayalingani hata kidogo, hata kama mzani unasema sawa.

Hapo tayari mna tukio lenu la msituni. Vijana wawili wanatumwa kuchukua mzigo uliodhulumiwa, wanaupata, wanajipongeza. Mzigo ni mbichi. Wanaufungia ndani ya mfuko wa nailoni kwenye chumba cha bati ili usionekane. Kesho yake asubuhi harufu imeshawataja mtaa mzima. Kuuanika hawawezi, kwa kuwa kuanika ni kuutangaza, na kutouanika ni kuuozesha. Hakuna haja ya mchekeshaji. Waacheni wabishane kwa umakini kuhusu feni ya mezani.

Makosa ambayo watu wa visiwani watayaona papo hapo. Msiweke tukio la kuvua dagaa chini ya mwezi mpevu kwa sababu picha inapendeza. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, zamani karabai, sasa nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haiwavuti vizuri na mitumbwi mingi inalala mwaloni, pale ufukweni pa kushushia samaki. Genge likitaka kupita ziwani bila kuonekana, mwandishi asiyejua atachagua usiku wa giza. Kumbe usiku huo ndio ziwa limejaa taa na macho ya wavuvi, na usiku wa mwezi ndio maji matupu. Mkilitumia hilo, mtakuwa na kosa la mpango linaloaminika: bosi wa mjini anaagiza "nendeni giza totoro", vijana wanajikuta katikati ya kundi la mitumbwi, kila mmoja anawasalimia.

Jambo jingine ni Busisi. Maandiko mengi ya zamani yana mbio zinazokwama kivukoni Kigongo, jambazi na anayemfukuza wote wanasubiri feri. Tukio zuri sana, lakini daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3, mtu anavuka na gari lake dakika chache. Ama muweke hadithi kabla ya hapo na mseme mwaka, ama mhamishie kusubiri huko Kamanga.

Na sangara chini ya sentimita 50 ni marufuku. Mhusika akibeba samaki wadogo waziwazi mwaloni bila mtu kuuliza, mmeshapoteza watazamaji wa ziwani dakika ya kwanza.

Mdau_Kirumba

Wakuu nimeandika yote. Dada wa Ukara, tukio la nailoni na feni ya mezani nalipeleka leo kama lilivyo, kwa ruhusa yako. Swali moja limebaki, kwa Mkalimani. Kwenye huo ubishi wa feni, mmoja wao ni mtu wa Sengerema na mwingine amekulia Dar es Salaam. Tukichanganya Kisukuma kwenye mazungumzo, tuweke sabtaito au tuache?

Mkalimani_wa_Nyegezi

Inategemea nani anatakiwa asielewe. Kijana wa Dar kama haelewi Kisukuma na mtazamaji anapaswa kukwama naye, acheni bila sabtaito, ila sura ya msemaji iseme vya kutosha. Kama mtazamaji anapaswa kujua hatari kabla ya kijana wa Dar, kama ilivyo kwenye ile simu ya Tony, wekeni. Ila sabtaito iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, isiongezwe chumvi, na itoke kwenye kioo kabla huyo wa Dar hajafungua mdomo. Majibu yake yakianza huku maandishi bado yapo, watu watakuwa wanasoma wakati wa kucheka.

Na mtafuteni Msukuma halisi aisome hiyo mistari kwa sauti kabla ya kupiga picha. Kwenye karatasi kila kitu huonekana sawa.

Binti_wa_Ukara

Ruhusa unayo, kaka. Ila feni iwe ya sola. Kwenye chumba cha bati cha mwaloni kijana wa Dar ndiye atakayetafuta soketi ukutani.